Siku 18 kwa bibi Shighatini

Desemba kila mtu anajua: Wapare wanapanda milima. Tiketi za mabasi ya kaskazini zinatafutwa kwa kujuana, na kule juu, Usangi na Ugweno, nyumba zilizofungwa tangu Januari zinafunguliwa madirisha. Kuna harusi, kuna kipaimara, kuna kikao cha ukoo, kuna mchango wa shule na mchango wa barabara. Mtu anakaa siku nne, tano zikizidi. Anakula nyama ya mbuzi, anapiga picha na mama yake mbele ya migomba, anateremka. Akifika Dar es Salaam anahitaji likizo nyingine ya kupumzikia ile likizo.

Familia moja ya Tabata, baba, mama na watoto watatu, iliamua kufanya kinyume. Walikwenda Juni, shule zilipofungwa, wakati hakuna harusi wala mbuzi wa kuchinjwa. Wakakaa siku 18. Wameomba majina yao yasiandikwe, kwa sababu ambayo msomaji ataielewa huko mbele.

Baba ana miaka 43, ni msimamizi wa ghala. Siku sita kwa wiki anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi watoto wakiwa wameoga. Ukijumlisha saa zake, wiki ilikuwa inapita saa 70, wakati sheria za kazi nchini zinataja saa 45 kuwa kikomo cha saa za kawaida. Likizo yake ya mwaka alikuwa akiikata vipande: siku mbili za msiba, tatu za kufuatilia kiwanja, moja ya kikao cha wazazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo, zikiwemo sikukuu zinazoangukia humo. Neno "mfululizo" limewekwa pale kwa makusudi, ingawa wengi wetu mjini tunalisoma kama pambo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti wa pamoja kuhusu saa za kazi. Uligundua kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Lakini baba huyu hakuusoma utafiti huo. Aliyemsukuma ni mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemwambia jioni moja mezani: "Mama hajawahi kutuona bila shughuli. Tangu unioe, hajawahi."

Alihesabu kimya kimya, akaona ni kweli.

Basi la saa 12 asubuhi kutoka Kituo cha Magufuli lilipita Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo, mkonge upande huu na milima upande ule. Baada ya Same, ambako upepo wa jangwani unaingia dirishani hata mwezi wa baridi, kitindamimba wa miaka sita aliuliza mara ya kumi kama wamefika. Walishuka Mwanga mjini alasiri, wakapanda gari la abiria linalokwea kona baada ya kona. Huko chini mtu anafuta jasho. Nusu ya mlima anatafuta sweta. Shighatini ni kata ya upande wa Ugweno, katika Milima ya Pare ya Kaskazini, na Juni hapo ni ukungu, migomba inayodondosha maji, na moshi wa jikoni unaotambaa chini kama haujui pa kwenda.

Bibi aliwangoja barabarani, kanga mbili na sweta la marehemu babu. Mjukuu wa darasa la tano alimpa shikamoo.

"Marahaba, mume wangu. Umekuja na mahari au umekuja kula tu?"

Usiku wa kwanza ulikuwa na mtihani wake. Watoto walikuwa wanatetemeka, na bibi, kwa upendo, alitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani mwao likae hadi asubuhi. Mama alikataa kwa adabu, akazunguka mara tatu kabla ya kusema hapana. Alikuwa sahihi kabisa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke si ngeni nchini. Chumba cha baridi hupashwa kwa blanketi la ziada, soksi, na watoto kulala pamoja. Jiko libaki nje au jikoni kwenye hewa. Bibi alinung'unika kidogo, kisha akatoa mablanketi yaliyokuwa yanasubiri Desemba.

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya, hakuna haja ya kuficha. Baba aliamka saa 10 alfajiri kama kawaida yake, akakaa kitandani hajui afanye nini. Kichwa kilimuuma. Simu ilikuwa inashika mtandao ukisimama karibu na mparachichi, kwa hiyo alikuwa anasimama karibu na mparachichi, tangu asubuhi, akiuliza kazini kama mzigo wa Mbeya umetoka. Siku ya tatu mkewe alimwambia kwamba watu wa kijiji wanadhani anaaga mti. Tangu hapo simu ilikaa kabatini, ikatoka saa moja jioni kwa nusu saa, basi.

Mama naye hakuwa likizo. Alikuwa amehamisha jiko lake kutoka Tabata kwenda Shighatini, tena sasa la kuni, lenye moshi, na watu sita wa kulisha. Chai, vyombo, maji, makande ya mchana, vyombo, chai, ugali wa usiku, vyombo. Hili linasemwa kidogo sana katika mazungumzo ya kwenda nyumbani. Likizo ya kijijini mara nyingi ni likizo ya wanaume na watoto inayobebwa mgongoni na wakwe na mabinti. Mwanamke anarudi mjini amekonda, watu wanamwambia hewa ya mlimani imempenda.

Alisema wazi siku ya nne. Hakukuwa na ugomvi, ila alitandaza kitenge chini ya mti baada ya chai, akalala, akamwambia mumewe kwamba leo yeye ni mgeni. Baba na kijana wa darasa la tano wakachukua ndoo. Kisha wakaosha masufuria, vibaya. Bibi aliwatazama kutoka mlangoni kwa uso wa mtu aliyeona kiama.

"Mwanangu aoshe sufuria mimi nikiwa hai?"

"Mama, ukifa nitaosha sana. Acha nijifunze mapema."

Alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia siku hiyo kazi ziligawanywa kwa zamu, kama maji ya mfereji. Na mfano huo si wa kutafuta: Wapare wana desturi ya siku nyingi ya ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mlimani na kuyafungulia mashambani kwa zamu iliyokubaliwa. Watoto walipelekwa kuona mfereji, wakaloana, wakarudi na matope hadi masikioni.

Siku ya tano kitindamimba alipata homa. Bibi alisema ni baridi. Huenda wazazi wengi wangekubali, kwa kuwa Mkoa wa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, na mlimani mbu ni wachache. Lakini vimelea vya malaria huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mbili tangu mtu aumwe na mbu ndipo homa ianze, kwa hiyo mtoto anaweza kupanda navyo mlima kutoka bondeni. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, mwendo wa nusu saa, akamwambia muuguzi wametoka Dar es Salaam siku tano zilizopita. Taarifa hiyo ndogo ni muhimu, isiachwe. Kipimo kilionyesha hana malaria. Yalikuwa mafua tu, na baada ya siku mbili alikuwa anafukuza kuku.

Bibi alikuwa ameongozana nao. Muuguzi alimwomba akae apimwe presha, kwa kuwa alikuwa hajaonekana siku nyingi.

"Mimi mzima. Mpime mtoto."

Hakuna aliyelitilia maanani. Bibi ana miaka 74 na anapanda mlima akiwa na kapu la ndizi kichwani wakati mwanawe, kwa tumbo la ofisini, anasimama kila kona akijifanya anatazama mandhari. Ukimwona hivyo unasema huyu ni chuma. Ndivyo walivyokuwa wakisema kila Desemba: bibi yuko fiti.

Baada ya hapo siku zilianza kupungua mwendo. Kiswahili kinatosha kulieleza: walikuwa wanashinda. Asubuhi chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na mtu akimaliza haondoki. Saa 4 ukungu unainuka. Kutoka kwenye miinuko ya Ugweno, siku ya uwazi, Kilimanjaro unauona na theluji yake, na upande wa pili huko chini Ziwa Jipe linalogawanywa na mpaka wa Kenya. Binti wa kidato cha pili, aliyekuja na uso wa mtu aliyehukumiwa, alianza kulala saa 3 usiku na kuamka saa 1 asubuhi. Saa kumi. Vijana wa umri wake wanahitaji saa nane hadi kumi za usingizi, na wadogo zake wa shule ya msingi tisa hadi kumi na mbili. Nyumbani Tabata alikuwa anapata sita, nyingine zinaliwa na simu na foleni ya daladala.

Ufaransa wana jambo linalofanana na hili, ingawa wao wanalilipia. Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum iliwapa wafanyakazi wote wiki mbili za likizo yenye malipo, na tangu mwaka 1982 zimefika wiki tano. Kila kiangazi familia nyingi za mjini hukodi nyumba za mashambani, mbali na kila kitu, zikakaa tu: mkate asubuhi, soko la kijiji, chakula cha mchana kinachochukua saa mbili, usingizi. Hawaendi kuona kitu. Mpare mwenye mama yake mlimani ana nyumba hiyo bila kodi, anachokosa ni siku za kukaa ndani yake.

Jioni alikuja mzee jirani, akakaa karibu na moto, akawasimulia watoto. Kwamba Ugweno ilikuwa nchi ya chuma. Kwamba ukoo wa Washana, wafua chuma, ndio uliotawala kabla Wasuya hawajawapindua. Kwamba majembe na silaha za hapa zilitafutwa mbali. Baba alishangaa kusikia mambo aliyoyasoma chuoni, katika kitabu cha Profesa Isaria Kimambo cha mwaka 1969, yakisemwa na mtu anayetafuna muwa. Mzee aliendelea hadi mwaka 1945, Wapare walipoacha nyumba zao kwa maelfu wakapiga kambi Same kupinga kodi ya mbiru. Kijana wa darasa la tano aliuliza kama waliondoka bila kula. Waliletewa chakula na wanawake, mzee akasema, kisha wanawake nao wakaandamana.

Mzee na bibi wakiwa wenyewe wanazungumza Kigweno. Lugha hiyo iko karibu zaidi na Kichaga kuliko Kipare, na wanaoizungumza wanapungua. Watoto wa Tabata hawajui hata neno. Mama, mzaliwa wa Morogoro, anajua maamkizi. Baba anaijua yote, ila ameishi miaka ishirini bila kuhitaji kuitumia zaidi ya simu ya Jumapili.

Watafiti wa Uholanzi waliwahi kuwafuatilia wafanyakazi 54 waliokuwa kwenye likizo ndefu, wastani wa siku 23, wakiwauliza njiani kuhusu usingizi, uchovu na furaha. Katika matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, hali ya watu hao ilizidi kupanda hadi kufika kilele karibu na siku ya nane. Ni watu wachache, na Waholanzi, lakini mtu aliyewahi kukaa kijijini wiki mbili ataikubali hesabu hiyo. Safari ya Desemba inaisha kabla hata mwili haujajua umesafiri.

Siku ya tisa, baada ya makande, baba alilala kwenye benchi la barazani. Alilala kweli, mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mwanafunzi. Aliamka kwa sauti za mama yake na mama jirani waliokuwa wanachambua maharage upande wa pili wa ukuta. Hakufungua macho. Walikuwa wanazungumza Kigweno, na kwa kuwa waliamini amelala, na wengine hawaelewi, walizungumza bila kushusha sauti.

Mama jirani alilalamika kuhusu miguu. Bibi akasema yeye miguu haimsumbui, ni kichwa, hasa kisogoni, asubuhi. Jirani akauliza kuhusu zile dawa. Bibi akajibu kwamba zipo, anazitunza. Anakunywa siku kichwa kikiuma, na siku nyingine anavunja nusu, ili zifike mbali. Kuagiza kwa mtu anayeteremka Mwanga ni hela, na mtoto wake anajenga. Wakimaliza kupaua, atamwambia.

Baba alibaki amefumba macho. Amesema baadaye kwamba hakuweza kusogea, kama mtoto aliyesikia siri ya wakubwa. Alikuwa anatuma fedha kila mwezi. Hakuwahi kuuliza zinakwenda wapi, kwa kuwa aliona kuuliza ni kumhesabia mama yake. Zilikuwa zinakwenda kwenye rambirambi, michango, na sare za mtoto wa jirani huyo huyo aliyekuwa anachambua maharage.

Tuseme kidogo kuhusu presha, maana hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Shinikizo la juu la damu, linalohesabiwa kuanzia 140 kwa 90, kwa walio wengi haliumi kokote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hilo hawajui kama wanalo. Dawa zake si kama za maumivu. Hufanya kazi kwa kunywewa kila siku, mtu akiwa anajisikia mzima, na anayezinywa siku za kichwa tu anaiacha mishipa ya moyo, ubongo na figo ikipigwa siku zote nyingine. Kupanda mlima na kapu kichwani ni mazoezi mazuri, lakini hakuonyeshi namba. Namba inaonyeshwa na kipimo, mgonjwa akiwa amekaa na kutulia dakika tano, na si mara moja tu.

Usiku huo baba alimwambia mkewe. Wakabishana kwa kunong'ona hadi saa 6. Mke alitaka waende zahanati kesho yake asubuhi. Mume aliogopa: akisema alisikia, mama yake atajua kwamba hata ndani ya lugha yake hana tena pa kusemea. Si hofu ya kijinga hiyo. Wazee wetu wana sehemu chache za faragha.

Njia waliyoichagua haikuwa ya kishujaa. Baba alisema yeye ndiye anayeumwa kichwa, jambo lililokuwa kweli siku tatu za kwanza, na kwamba anataka kupimwa presha ila anaona aibu kwenda peke yake. Bibi alimsindikiza. Kwenye benchi la zahanati baba alipimwa kwanza, akapata 148 kwa 94, iliyomnyamazisha kwa sababu yeye alikuwa anaigiza. Kisha akasema: "Mama, na wewe kaa, tulingane."

Bibi alimtazama muda mrefu. Halafu akakaa, akakunja mkono wa sweta.

Ilikuwa 182 kwa 104. Muuguzi alirudia baada ya dakika chache, ikashuka kidogo tu. Hakumgombeza, na hilo ni la kumshukuru, kwa sababu mgonjwa anayegombezwa hurudi akiwa ameumwa zaidi, au harudi. Alimuuliza anakunywaje dawa. Bibi alikaa kimya, kisha akageuka kwa mwanawe na kumuuliza kwa Kigweno:

"Siku ile hukulala, eti?"

"Nililala, mama. Nikaamka."

Sera ya nchi inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ni sera nzuri, na wengi wameishi kwa sababu yake. Lakini karatasi haimteremshi mtu mlima wala haijazi kabati la dawa siku linapokuwa tupu. Kazi hiyo ikawa ya familia. Walihesabu vidonge vilivyokuwa kwenye kopo la kahawa, vingine vilikuwa vimepita muda wake, hivyo vikarudishwa zahanati. Walinunua vya miezi mitatu, kwa cheti, na kumpa kijana wa bodaboda anayeaminika jukumu la kuvifuata vingine, kwa malipo yanayotumwa moja kwa moja kwake. Chumvi ya makande ilipunguzwa, ambalo bibi anasema ndilo pigo kubwa kuliko yote. Wiki moja baadaye namba yake ilikuwa 156 kwa 92. Bado haijatosha, ila sio ile.

Baba naye aliambiwa apime tena akirudi mjini. Kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa, lakini mwenye mama mwenye presha, wiki ya saa 70 na tumbo lile, hana sababu ya kungoja kisogo kiume.

Siku zilizobaki zilikuwa za kawaida sana, na ndiyo sifa yake. Binti wa kidato cha pili alikuwa amekasirika. Hakumkasirikia bibi. Alikasirika kwamba mambo yote hayo yalisemwa hatua tatu kutoka alipokuwa amekaa na yeye hakuelewa hata neno moja. Alichukua daftari lake la jiografia, akaligeuza upande wa nyuma, akaanza kuandika: maji, moto, njoo, inauma, haiumi. Bibi alimsahihisha akiwa anamenya ndizi. Mzee jirani alisahihisha masahihisho ya bibi, wakagombana nusu saa juu ya neno moja, na kitindamimba akalala katikati yao.

Waliondoka Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala. Bibi aliwapa ndizi, maparachichi, na maharage ya kilo ambazo kondakta aliziita mzigo. Hakulia. Alimwambia mkwewe: "Mama, umenenepa kidogo. Safari hii umepumzika." Mkwewe ndiye aliyelia.

Baba amebakiwa na siku kumi za likizo. Anataka kuzitumia Oktoba, mfululizo, ingawa kazini wameshamuuliza kama hawezi kuzikata.

Huko Tabata, kila siku saa 2 usiku, binti hupiga simu mlimani. Anauliza swali moja kwa Kigweno: bibi, umekunywa dawa? Bibi hajibu kwanza. Anamrekebisha matamshi, anamtaka arudie, anacheka, anamtaka arudie tena. Mara ya tatu ndipo anasema kama amekunywa, na siku akisita, upande wa pili wa simu wanasikia kopo likifunguliwa.